Kitundu kama cha sindano, mkono mzima hatarini

SWALI: Mwenzetu alikuwa akipapasa hozipaipu ya eskaveta kutafuta inapovujia. Akahisi kama kachomwa sindano kidoleni. Kitundu kidogo, damu hamna. Msimamizi akamwambia apake spiriti aendelee na kazi. Usiku mkono ukavimba, na sasa amelazwa. Tulikosea wapi?
Msaidizi wa fundi mitambo, Morogoro

JIBU: Mpeni pole sana. Mlikosea kukipima kidonda kwa ukubwa wa tundu. Kwenye eskaveta ya tani 20, presha ya oili ya haidroliki hufika bar (kipimo cha presha) 350 hivi. Tairi la gari dogo lina kama 2, na bar 7 tu zinaweza kutoboa ngozi. Oili ikishaingia haikai pale: hufuata njia za kano hadi kiganjani, hubana mishipa ya damu na kuua nyama. Mwanzoni huenda mtu asisikie chochote zaidi ya ganzi, ndiyo maana wengi hudanganyika.

Hiyo ni dharura ya upasuaji hata kama hakuna maumivu. Majeruhi apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji, siyo zahanati, na mkono ufunguliwe na kusafishwa kwa upasuaji ndani ya saa 6 ikiwezekana. Akichelewa, hatari ya kukatwa kidole hupanda. Avue pete, ainue mkono, asile wala asinywe. Msikamue, msiweke barafu. Mwambieni daktari waziwazi kwamba oili imeingia kwa presha, na mwende na picha ya lebo ya pipa la oili hiyo. Kidole kisichomwe ganzi kwenye shina lake, kwani huongeza mgandamizo.

Mkitafuta uvujaji, pitisheni kipande cha boksi kwenye hozi, miwani machoni. Oili italowanisha boksi badala ya mkono. Glovu haizuii presha hiyo. Kabla ya kulegeza nati yoyote, shusheni ndoo chini, zimeni injini, washeni swichi bila kustati, chezesheni leva pande zote mara kadhaa, kisha toeni upepo wa tangi la oili ya haidroliki. Hozi iliyotoboka hubadilishwa, haifungwi raba.

Mwajiri autaarifu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) mapema. Msisubiri mkono upone: ajali isiporipotiwa ndani ya miezi 12, haki ya fidia inaweza kupotea.