Maswali ya Wasomaji: Maharage Yasiyoiva, Meno ya Kahawia na Mbuyu Uliochunwa Gome

Barua za kiangazi hiki zimetoka zaidi jikoni na kisimani. Tumezijibu saba.

Nimehamia Dodoma kutoka Dar es Salaam. Maharage yale yale niliyokuwa nikiyaivisha kwa saa moja na nusu, hapa yanakula mkaa saa tatu na bado yanagoma. Jirani ameniambia niweke jiwe juu ya mfuniko. Nakosea wapi?
*Mama wa nyumbani, Nkuhungu*

Hukosei, mama. Umebadilisha mwinuko na umebadilisha maji, na vyote viwili vinamgusa mpika maharage.

Tuanze na mwinuko. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa iliyoyakandamiza. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Mji wa Dodoma uko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi zaidi, na maji huchemka kwa takriban nyuzi 96. Kila ukipanda mita 300 unapoteza kama nyuzi moja. Nyuzi nne zinaonekana kidogo, lakini maharage huiona tofauti hiyo. Kuchochea moto hakusaidii: maji yakishachemka hayapati joto zaidi, yanakauka upesi tu. Yakitokota, punguza mkaa.

Jiwe je? Jiwe la kilo 3 juu ya sufuria ya kawaida haliongezi hata nusu nyuzi, kwa sababu mvuke unapenya pembeni ya mfuniko. Faida yake ni kuubana mfuniko ili joto na maji visipotee ovyo. Kifaa kinachopandisha joto kwelikweli ni presha kuka, ambayo hufika karibu na nyuzi 120.

Pili ni maji, na kwa maoni yetu hapa ndipo penye tatizo kubwa. Maji ya visima vingi vya Dodoma ni magumu, yaani yamebeba kalsiamu na magnesi. Dalili zake unazo nyumbani: sabuni inakataa kutoa povu, na birika linajenga ukoko mweupe ndani. Chembe za maharage zimeshikanishwa na gundi iitwayo pektini. Kalsiamu ikiingia kwenye gundi hiyo huikaza, na maharage hubaki magumu hata ukiyachemsha hadi jioni. Nyanya, ndimu na ukwaju navyo huikaza kwa uchachu wake. Ndiyo maana nyanya huingia sufuriani maharage yakiwa yameshalainika, si kabla.

Fanya hivi. Chemsha maji ya kupikia dakika 10, yaache yatulie usiku kucha, kisha mimina ya juu taratibu ukiacha mashapo chini. Kuchemsha huondoa sehemu ya ugumu, si wote; ukiwa na maji ya mvua, tumia hayo. Chambua nusu kilo ya maharage, yaloweke saa 8 hadi 12 katika lita mbili za maji zenye vijiko viwili vya chai vya chumvi. Sodiamu ya chumvi huchukua nafasi ya kalsiamu kwenye ganda. Wengi wameambiwa chumvi hukaza maharage. Kwenye maji ya kulowekea hufanya kinyume chake. Mwaga maji hayo, suuza, bandika na maji mapya.

Maharage yaliyokaa ghalani zaidi ya mwaka kwenye joto ni habari nyingine, kwani ugumu umeshaingia kwenye punje yenyewe. Hapo robo kijiko cha chai cha magadi kwa nusu kilo itasaidia. Ikizidi, mboga inakuwa na ladha ya sabuni na vitamini B1 inapotea. Na kabla hujazoea magadi, soma jibu la msomaji wa Singida hapa chini.

Jambo moja la usalama. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha. Sumu hiyo inaharibiwa na mchemko kamili wa dakika 10, na kwa mwinuko wetu ni vizuri ufikishe 20. Anayetumia kikapu cha kutunzia joto ayachemshe hivyo kwanza ndipo ayafunike. Joto la chini la muda mrefu haliiondoi sumu.

Mwanangu wa miaka 6 anatokwa damu puani karibu kila wiki tangu Juni. Tunamlaza chali na kummwagia maji kichwani. Ni ugonjwa?
*Baba, Kongwa*

Mara nyingi ni ukavu. Kuanzia Juni upepo wa kanda ya kati huwa mkavu na baridi, utando wa ndani ya pua hupasuka, na mtoto akikwangua kwa kidole hufikia mishipa midogo mingi iliyokusanyika mbele, kwenye ukuta unaotenganisha matundu mawili.

Acheni kumlaza chali. Damu haijasimama, imebadili njia tu: inateremka kooni, anaimeza, kisha anatapika. Mkalishe wima, ainamishe kichwa mbele. Bana sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa kidole gumba na cha shahada, dakika 10 kamili ukitazama saa. Kosa la kawaida ni kuachia kila baada ya dakika moja kutazama kama imekata. Kila ukiachia, kigando cha damu kinachoanza kuziba kinang'oka. Apumue kwa mdomo na ateme damu inayoingia mdomoni. Maji baridi kichwani hayadhuru, lakini hayachukui nafasi ya kubana.

Baadaye asipenge kamasi kwa siku nzima. Mkate kucha, na kila usiku mpake mafuta mepesi ya mgando kwenye ukingo wa ndani wa tundu. Mpeleke kituo cha afya ikiwa damu inaendelea baada ya nusu saa ya kubana, ikiwa imeanza baada ya kugonga kichwa, au ikiwa anatokwa damu pia kwenye fizi na kupata mavilio ya damu kwenye ngozi bila kuumia. Na kwa kuwa inarudi kila wiki, mganga amtazame pua na kupima wingi wa damu.

Watoto wetu wanapiga mswaki kila siku ila meno yana madoa ya kahawia. Wengine wanayasugua kwa mkaa na mchanga. Tatizo ni uchafu?
*Mwalimu wa shule ya msingi, Singida*

Si uchafu, mwalimu, na tunaomba usuguaji huo usimame leo. Mchanga unakula ngozi ngumu ya jino, na doa liko ndani ya ngozi hiyo hiyo.

Kinachofanya hivi ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba na kuyeyuka katika maji ya ardhini. Kidogo hulinda meno. Ikizidi wakati jino linajengwa bado likiwa ndani ya fizi, yaani tangu kuzaliwa hadi miaka 8 hivi, jino linatoka na mabaka meupe, kisha ya kahawia. Mtu mzima aliyehamia Singida na meno yake kamili hayabadiliki rangi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hudhuru na mifupa.

Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua, floraidi inabaki, kwa hiyo kila lita inakuwa nayo nyingi zaidi. Kitambaa na mchanga wa kuchujia navyo haviizuii. Chujio la mifupa ya ng'ombe iliyochomwa huinasa, lakini mifupa hiyo huchoka na sharti ibadilishwe. Chujio lililochoka linapitisha floraidi huku kila mtu akiamini yuko salama. Magadi kutoka maziwa ya Bonde la Ufa yanaweza kubeba floraidi nyingi, na familia inayoyatia kwenye mlenda na maharage kila siku inaiongeza kwa mkono wake.

Njia tunayoipendelea ni mvua, kwa ajili ya watoto wadogo kwanza. Piga hesabu: watoto watatu, kila mmoja lita 3 kwa siku za kunywa na kupikiwa, kwa siku 210 za ukame, ni lita 1,890. Simtanki la lita 2,000 linatosha. Bati la mita za mraba 40 likipata milimita 550 za mvua kwa mwaka, hata ukipoteza sehemu ya tano, linatoa lita 17,600. Maji ya mvua za kwanza yamwagwe kwa kuwa yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege, na ya kunywa yachemshwe. Kisima cha shule kipelekewe sampuli maabara ya maji, kwa sababu floraidi haina rangi, harufu wala ladha, na visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana.

Unga mweupe juu ya zabibu ni dawa ya shambani?
*Mnunuzi, soko la Majengo*

Ule ukungu mwembamba unaofutika kwa kidole ni nta ya zabibu yenyewe, inayozuia punje isikauke. Vitone au michirizi ya rangi ya bluu au njano yaweza kuwa mabaki ya dawa ya ukungu. Zote zioshwe kwa maji yanayotiririka, muda mfupi kabla ya kula. Zikioshwa na kuwekwa, huoza.

Tumeambiwa mahindi na karanga zikauke kabla ya kuhifadhi ili kuepuka sumukuvu. Sina kipimo. Nitajuaje?
*Mkulima, Chemba*

Kipimo unacho: chupa ya kioo na chumvi. Ni swali zito, kwa sababu mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi yao hayakuwa na ladha ya sumu.

Anika chumvi juani saa tatu au nne, au ikaange kidogo ikauke kabisa. Chukua chupa kavu yenye kizibo, jaza mahindi hadi theluthi, tia vijiko viwili vya chakula vya chumvi, funga, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15. Isipoganda, usikimbilie ghala: kiwango salama ni asilimia 13, kwa hiyo anika siku moja au mbili zaidi. Wanaokosea hukosea kwa chumvi yenye unyevu, na kwa kuchota mahindi ya juu ya rundo peke yake. Chota ya katikati na ya chini. Karanga zilizomenywa zinahitaji ukavu zaidi, asilimia 7. Ikauke hadi ganda jekundu litoke kwa kusugua na punje ivunjike kwa mlio.

Fangasi wanaotoa sumu hii wanaishi kwenye udongo, na huvamia zao lililopigwa na ukame lingali shambani. Kwa hiyo vuna mapema, anika juu ya turubai, na tenga punje zilizosinyaa, zilizopasuka au kubadili rangi. Hizo usiwape kuku, kwa kuwa sumukuvu huwaua. Usimpe ng'ombe wa maziwa, kwani itapita kwenye maziwa na kurudi kwa watoto. Zifukie. Kupika hakusaidii: sumukuvu huvumilia joto la zaidi ya nyuzi 200, ambalo sufuria ya ugali haifiki. Kukoboa hupunguza, maana sehemu kubwa iko kwenye pumba na kiini, ila pumba hizo nazo usizilishe mifugo.

Shikamoo mhariri. Bibi anasema kisulisuli ni jini anapita. Mwalimu anasema ni hewa ya joto. Mbona inazunguka?
*Mwanafunzi wa darasa la sita, Manyoni*

Marahaba. Saa za mchana, ardhi tupu hupata joto kali kuliko hewa iliyo juu yake. Hewa inayogusa ardhi inakuwa nyepesi na kupanda, na ya pembeni inakimbilia kujaza pengo. Ikiwa inakuja imepinda kidogo, kadiri inavyokaribia katikati ndivyo mizunguko inavyozidi. Jaribu: funga kijiwe kwenye uzi, kizungushe, kisha uache uzi ujizungushe kwenye kidole. Unavyofupika ndivyo kijiwe kinavyozunguka haraka. Kisulisuli huzunguka upande wowote, na mara nyingi hufa ndani ya dakika chache kikifika kwenye majani au kivuli. Bibi anapokuzuia usikimbilie ndani yake, mtii: kina mchanga na vipande vya mabati. Ukiingiwa na vumbi jichoni usilifikiche, lioshe kwa maji safi.

Mti mwingine ukichunwa gome kuzunguka shina unakufa. Mbuyu mbona haufi?
*Mfugaji, Chamwino*

Mti wa kawaida husafirisha chakula kutoka majani kwenda mizizini kupitia ndani ya gome, na chembe hai zinazoota gome jipya ziko kwenye safu nyembamba. Ukivua gome pande zote umekata barabara, mizizi inakufa njaa. Mbuyu una chembe hai nyingi hadi ndani ya shina, na hizo zinaweza kujenga gome jipya. Tena chini ya gome lake pana safu ya kijani inayotengeneza chakula hata mti ukiwa umepukutisha majani, miezi mingi kwa mwaka. Lakini hauvumilii kila kitu. Ukichunwa upande mzima kabla gome la mwaka jana halijafunga, au ndovu akichimba hadi ndani, huanguka, kwa kuwa shina ni laini na limejaa maji. Chuna vipande vyembamba vya wima, uache gome kati yake.

Kwa anayetaka kupanda: mbegu ya mbuyu ina ganda gumu. Imwagie maji yanayochemka, iache yapoe humo humo saa 24, kisha panda kina cha sentimita 2. Ambayo haikuvimba, isugue kwenye jiwe mpaka weupe uonekane, uiloweke tena.