Barua kwa mwanangu: kuhusu mbio unazotaka kukimbia kwa ajili ya babu yako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema umeazimia kukimbia marathoni ili kuchangisha fedha za kupambana na ugonjwa wa Alzheimer uliomkamata babu yako, na unaniuliza mambo mawili kwa mpigo: kama mbio hizo zina faida yoyote kwa mtu ambaye siku hizi hata jina lako halikumbuki, na kama ni halali kuwaonyesha watu video zake ili waguswe na kuchanga.

Kukimbia, kimbia. Babu yako hatapona kwa sababu ya mbio zako, na ni vyema ulijue hilo mapema usije ukajitwisha deni lisilokuhusu. Ugonjwa huu, ambao daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1906, huua seli za ubongo polepole, na kwa kawaida huanza na sehemu zinazohifadhi kumbukumbu mpya. Ndiyo maana babu huweza kukusimulia mambo ya ujana wake bila kupotea njia, lakini asijue kama amekwisha kula. Zipo dawa za kupunguza makali ya dalili, na nyingine za karibuni huchelewesha kidogo ugonjwa kwa walio katika hatua za mwanzo, ila ya kuponya bado haijapatikana. Kwa hiyo fedha za utafiti ni za wagonjwa wa miaka ijayo, ilhali fedha za matunzo huwafikia wagonjwa wa sasa na wale wanaowauguza. Mimi niliyemwogesha asubuhi ya leo ningechagua matunzo. Wewe unaweza kuchagua vingine, mradi uamue kabla ya kumwomba mtu hata senti moja, uwaeleze wachangiaji waziwazi, na viatu pamoja na ada ya kushiriki uvilipie mwenyewe.

Kuhusu video, jibu langu ni hapana. Umemtaja Terry Fox, yule kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa saratani, ambaye mwaka 1980 alikimbia kwa mguu wa bandia siku 143, kilomita 5,373, hadi saratani ilipoingia mapafuni ikamlazimu kusimama. Na kufikia mwanzoni mwa mwaka 1981 michango ilikuwa imepita dola milioni 24 za Kanada. Ni mfano mzuri, lakini utazame vizuri: mguu ulikuwa wake, ugonjwa ulikuwa wake, na aliyeamua kuuonyesha ni yeye. Babu yako hawezi tena kukubali wala kukataa. Ile video anayohangaika na vifungo vya shati, akianza upya kila anapofika cha tatu, huku akiuliza mkewe yuko wapi, ni ya mtu ambaye alipokuwa na akili zake timamu hakukubali kuonekana na mgeni kabla hajapiga pasi shati lake. Msitiri. Eleza ugonjwa wenyewe kadiri utakavyo, eleza uchovu wa sisi tunaomuuguza, na ukihitaji sura, tumia ile picha ya zamani aliyopigwa kwa hiari yake mwenyewe, baada ya kuwauliza wajomba zako.

Mazoezi sina haja ya kukufundisha. Ongeza umbali kidogo kidogo, na usishangae miguu ikigoma karibu na kilomita ya 30, kwa maana hapo ndipo akiba ya wanga mwilini huwaishia wengi. Jambo moja tu nalisisitiza, kwa kuwa wengi hulipuuza: usinywe maji kupita kiu ukidhani unajikinga, kwani maji yakizidi hupunguza chumvi katika damu na huweza kuvimbisha ubongo hata kuua.

Linalonitia wasiwasi zaidi hukuliuliza. Mbio ndefu za mazoezi umezipanga Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku unayokaa na babu ili mimi nipate kulala. Umeandika kwamba hakujui. Ni kweli jina limempotea, lakini unapoketi karibu naye huacha kukunja na kukunjua taulo lile lile, na mkono wako huushika asiuachie. Kwangu mimi ambaye hanishiki hivyo, hilo si jambo dogo. Marathoni itakwisha kwa saa chache, bali maandalizi yake yatachukua miezi, na miezi hiyo babu anayo michache kuliko wewe. Basi kimbia alfajiri, uoge, uwe umefika hapa saa nne. Ikishindikana, hamishia mbio ndefu Jumapili, unijulishe wiki hii kabla sijapanga zamu na mjomba wako.

Mchango wa kwanza utakuwa wangu, pindi utakaponiambia fedha zinakwenda wapi.

Akupendaye,
Mama yako