Maswali ya Wasomaji: Lami ya Serengeti Ipite Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Mugumu. Kila inapotajwa barabara ya lami ya kutuunganisha na Loliondo hadi Arusha, tunaambiwa kwamba nyumbu wataangamia. Mbona Mikumi lami inapita katikati ya hifadhi kwa miaka mingi na wanyama bado wapo? Kwa nini sisi ndio tubebe gharama ya wanyama ambao wengine huwatazama na kuondoka? — Msomaji, Mugumu

JIBU: Ndugu msomaji, malalamiko yako ni ya haki. Wananchi wanaoishi mpakani mwa hifadhi huharibiwa mazao na kuuliwa mifugo, na haifai waambiwe pia kwamba vumbi na matope ni fungu lao milele.

Hata hivyo, mpango uliotangazwa mwaka 2010 ulihusu pia kipande cha kilomita 53 ndani ya hifadhi, upande wa kaskazini. Huko ndiko nyumbu zaidi ya milioni moja, pamoja na pundamilia na swala, huelekea wakati wa kiangazi kuufuata Mto Mara, kwa kuwa nyanda za kusini huwa zimekauka na mto huo ndio tegemeo lao la maji. Safari hiyo haina njia mbadala, wala haiwezi kuahirishwa eti kwa kuwa malori ni mengi.

Mikumi ni hifadhi ya namna nyingine. Hakuna kundi la ukubwa huo linalolazimika kuvuka barabara kila mwaka ili liishi, na bado wanyama hugongwa mara kwa mara, licha ya matuta, vikomo vya mwendo na faini inayotozwa kwa kila mnyama anayeuawa. Tena ajali si hatari kubwa kuliko zote. Ninachokihofia zaidi ni kile kinachofuata baada ya ajali kuwa nyingi, yaani madereva na wenye malori kudai uzio. Botswana ilijenga uzio wa Kuke mwaka 1958 kwa ajili ya kuzuia magonjwa ya mifugo, na ukame ulipokuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, makumi ya maelfu ya nyumbu wa Kalahari walikufa kwa kuwa uzio uliwazuia kuyafikia maji. Uzio huo ulikuwa na sababu nzuri, na ni sababu nzuri za namna hiyo zinazonipa wasiwasi.

Nyumbu wakipungua, Serengeti yote hubadilika. Ugonjwa wa sotoka, waliouambukizwa na ng'ombe, ulipokuwa ukiwaua, walibaki takriban laki mbili na nusu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Chanjo ya ng'ombe ilipouondoa ugonjwa huo, walifikia milioni 1.3 kabla ya muongo wa 1970 kwisha. Kwa kuwa walikula nyasi ambazo zamani zilikuwa kuni za moto wa nyika, mioto ilipungua na miti ikaanza kurudi. Anayekata njia yao basi anagusa nyasi, moto, miti na simba kwa wakati mmoja.

Kwa maoni yangu, tumechanganya mahitaji mawili. Wewe unahitaji kufika hospitalini na sokoni. Mwenye lori anahitaji kutoka Ziwa Victoria hadi Arusha. La kwanza linatimizwa kwa lami inayofika Mugumu kutoka Musoma, na inayofika Loliondo kutoka Mto wa Mbu, bila kuvuka hifadhi. Serikali ilieleza msimamo huo mwaka 2011 ilipoiandikia Kamati ya Urithi wa Dunia kwamba kilomita 53 zitabaki za changarawe. Vipande vya Makutano–Sanzate, upande wa Mugumu, na Waso–Sale, upande wa Loliondo, ni sehemu ya kazi hiyo. Kinachostahili kudaiwa kwa sauti kubwa ni kwamba kazi hiyo ikamilike, kwa sababu kila mwaka wa kuchelewa humfanya mwananchi aione hifadhi kuwa adui yake.

SWALI: Je, ni kweli mahakama ilipiga marufuku barabara yote? Na malori yapite wapi? — Msomaji, Bariadi

JIBU: Si yote. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, katika hukumu yake ya Juni 2014 kwenye shauri lililofunguliwa na shirika la kutetea wanyama kutoka Nairobi, ilizuia barabara ya kiwango cha lami ndani ya hifadhi. Haikugusa lami ya nje ya mipaka.

Malori yana njia ya kusini: Karatu, Mbulu, Haydom, Daraja la Sibiti, Lalago hadi Maswa. Njia hiyo inapita kwenye vijiji vya wakulima wa pamba na alizeti, ambao nao wana haki ya lami, na haikati msafara wa nyumbu. Ningekuwa mpangaji wa bajeti, fedha zingeanzia huko.