Anza na barua pepe

Umeuliza kama inatosha kubadilisha nywila ya ile akaunti moja iliyovuja. Haitoshi, ndugu yangu. Wezi huichukua nywila hiyohiyo na kuijaribu kwingine, kwa hiyo ibadilishe popote ulipoitumia, na kila akaunti iwe na yake. Anza na barua pepe, maana viungo vya kuweka nywila mpya za akaunti nyingine kwa kawaida hutumwa huko. Anayeishika hiyo ameshika karibu zote. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani akaunti ikuombe namba ya siri ya muda baada ya nywila, ikiwezekana kwa programu ya kutoa namba za siri badala ya SMS, kwani tapeli anaweza kuihamishia laini yako kwenye kadi yake ya simu na kuzipokea yeye. Namba hizo usimtajie yeyote, nakusihi, hata akijitambulisha kuwa mhudumu wa benki. Kagua pia vifaa vilivyoingia kwenye akaunti, usivyovitambua, viondoe.