Vipande 8 vya 610 × 610 havitoki kwenye plaiwudi moja

Fundi, unalalamika kwamba programu ya kupanga mikato ya mbao imekosea, kwa kuwa vipande ilivyokuonyesha havikutoka vyote. Programu haijakosea hesabu, bali haikuambiwa unene wa msumeno. Umeagiza vipande 8 vya milimita 610 × 610 kutoka kwenye shiti la 2440 × 1220, na kwenye skrini vinaenea bila kubaki hata chembe. Lakini msumeno wenye njia (upana wa ubao unaoliwa na meno kila mkato) ya milimita 3 unahitaji 610 + 3 + 610, yaani 1223. Ndiyo maana safu ya mwisho inapungua.

Kwenye programu kama CutList Optimizer au OpenCutList, jaza njia ya msumeno kwanza. Usikisie: kata kipande cha taka, pima ufa. Kisha punguza milimita 5 kila ukingo wa shiti, kwa sababu kingo za dukani huja zimegongwa na pembe zake si za kuaminika. Unabaki na 2430 × 1210. Ukishusha vipande hadi 600 × 600, unahitaji 2409 × 1203, na vyote 8 vinatoka.

Kama uso una nyuzi zinazoonekana, zima ruhusa ya kuzungusha vipande vya milango. Utapoteza ubao kidogo, lakini mlango wenye nyuzi za kulala karibu na wa kusimama hauuziki.

Chagua pia mpangilio wa mikato inayopita ukingo hadi ukingo. Msumeno wa mviringo hauwezi kusimama katikati ya shiti na kugeuka. Ukiushika mkononi, uso mzuri uelekee chini, maana meno hupasua upande wa juu.