Kabla hujaandika sudo, nisikilize

Jana kijana wetu mmoja wa field kaniita: "Kaka, kiendelezi cha kivinjari kinagoma." Nasogea kwenye mashine, Ubuntu 22.04 (ni Linux), nakuta ameandika sudo firefox mara nne, yaani anaifungua Firefox kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mashine. Firefox yenyewe inamkatalia, inamwambia kuiendesha kama root hapo hairuhusiwi, naye anarudia, labda mara ya tano itamwonea huruma. Nilicheka. Kisha nikakumbuka ya kwangu, nikanyamaza.

1. Soma kosa linasema nini. Ukiona neno ELFCLASS32 kwenye ujumbe wa kosa, umeweka faili la biti 32 kwenye programu ya biti 64, na kuzima na kuwasha mashine hakutalikuza.

2. Usifute cha mtu bila nakala. Mwaka 2011, ofisi ya uhasibu, mama mhasibu alihitaji plagini ya Java, kijiprogramu cha kuchomeka kwenye kivinjari, ili ukurasa fulani umfungukie. Nikalikuta libnpjp2.so, faili la plagini yenyewe, ndani ya folda ya Java, nikalikopi kwenye ~/.mozilla/plugins, ndani ya folda ya Firefox ya mama. Lilitakiwa kiungo cha kulielekezea tu (amri yake ln -s), si nakala, maana faili lile huitafuta Java yake kwa kuanzia pale linapokaa. Likihamishwa peke yake, limepotea. Naangalia about:plugins, ukurasa wa Firefox wa kuorodhesha plagini, hamna kitu. Nikaandika sudo firefox, na enzi hizo hakuna aliyekukataza. Ikafunguka, Java bado haipo, nikafunga. Nabofya ikoni ya kawaida, naambiwa Firefox tayari inaendeshwa ila haiitikii. Uongo! Kilichotokea ni kwamba sudo yangu ilikuwa imeacha mafaili ya root ndani ya .mozilla ya mama. chown -R moja tu, amri ya kumrudishia mama umiliki wa mafaili yake, ingemaliza kazi.

Sikuijua. Nilichokijua mimi ni rm -rf, kufuta folda na vyote vilivyomo bila kuulizwa, nikaielekeza kwenye .mozilla, tena nikaitanguliza na sudo ili isinibishie. Firefox ikafunguka safi, nikaondoka nikijipongeza.

Hata chai sijamaliza, simu: "Mwanangu, njoo. Mbona hii kitu hainikumbuki?" Alamisho zote zimekwenda, na nywila alizohifadhi miaka yote zimekwenda. Nikakimbilia bookmarkbackups, folda ya nakala za akiba za alamisho, na bookmarkbackups hukaa ndani ya .mozilla hiyo hiyo niliyoifuta. Mama hakunifokea. Alitoa daftari kwenye droo, akavaa miwani, akaanza kuandika nywila alizozikumbuka, moja moja, mimi nimesimama pale kama mwanafunzi aliyechelewa. Afadhali angefoka. Tangu siku hiyo mimi ni mv ~/.mozilla ~/.mozilla.zamani, nabadilisha jina la folda badala ya kuifuta, hata kwenye mashine yangu mwenyewe.

3. Mwongozo uangalie umeandikwa lini. Firefox 52, Machi 2017, ilizifungia nje plagini za NPAPI, mfumo wa zamani wa plagini kama ile ya Java, isipokuwa Flash, na Flash nayo ikaondolewa kwenye toleo la 85, Januari 2021. Anayekuelekeza uweke libflashplayer.so anakuita makaburini.

4. chmod 777, yaani kumruhusu kila mtu kusoma, kubadili na kuendesha faili, si dawa. Sitaki kuieleza tena.

5. Jua Firefox yako imetoka wapi. Kwenye 22.04 inakuja kama snap, kifurushi chenye folda zake pekee, na wasifu wake, folda ya alamisho, nywila na mipangilio yako, uko ~/snap/firefox/common/.mozilla, si pale tulipopazoea sisi wazee. Kijana wa jana alikuwa amehangaika asubuhi nzima na folda ambayo kivinjari hakiisomi kabisa. Nikamfungulia about:profiles, ukurasa wa Firefox unaoonyesha wasifu uko wapi, akaiona njia halisi, akatabasamu.

"Kumbe! Sasa kaka, hii nyingine nifute?"

Nikamshika mkono.