Fundi Anajibu: Pikipiki ya Theluji Katikati ya Msimu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu mashine za mlimani, zile zenye treki ndefu ya meno marefu zinazopanda kwenye theluji laini ya kufika kiunoni. Tukisema treki tunamaanisha ule mkanda mpana wa mpira unaokanyaga theluji. Beliti ni ile ndogo inayounganisha klachi ya mbele na ya nyuma. Tunalitaja hili mapema kwa sababu barua mbili zimechanganya hizo mbili.

Swali: Fundi, habari za kazi. Mashine yangu ni ya injini ya cc 850 ya mipigo miwili, haina turbo. Msimu ulipoanza nilikuwa nikifungua gesi yote inafika mizunguko 8,000 kwa dakika. Sasa inagota 7,500, na kwenye theluji ya kina inachelewa kuchomoka. Niliambiwa ninunue beliti mpya. Nimenunua, na hali ni ileile.

Jibu: Beliti ya zamani usiitupe, huenda ni nzima. Anza kwa kujiuliza unapanda wapi sasa. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kama mwanzoni ulikuwa unazungukia mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na sasa theluji nzuri umeifuata mita 2,700, umeacha njiani zaidi ya asilimia 10 ya nguvu. Kompyuta ya injini hupunguza petroli kulingana na hewa, lakini haiwezi kupunguza vile vyuma vya uzito vilivyo ndani ya klachi ya mbele. Vinabaki vizito kwa nguvu iliyopo, na injini inashindwa kufika mizunguko yake. Dawa yake ni vyuma vyepesi zaidi, kwa gramu chache tu, kufuata jedwali la urefu la mtengenezaji.

Kama urefu haujabadilika, fungua upande wa klachi. Toa beliti, kisha puliza vumbi jeusi kwa hewa ya kompresa. Vaa barakoa, maana vumbi la beliti si la kuvuta. Futa nyuso za klachi zote mbili kwa kitambaa safi chenye spiriti ya aina ya isopropili. Zikiwa zinang'aa kama kioo, zisugue kidogo kwa sponji ngumu ya kusugulia, ukienda kutoka katikati kuelekea ukingoni, halafu futa tena. Usipake grisi wala oili popote pale, hata tone. Beliti iliyogusa grisi inateleza, ikiteleza inapata joto, na joto ndilo linaloiua. Ukiwa hapo, zungusha roli za klachi ya mbele kwa kidole. Roli yenye ubapa upande mmoja, au bushi inayocheza, hufanya klachi ikwame katikati ya safari yake, na hilo halitatibiwa na beliti mpya hata ukinunua tatu.

Beliti yenyewe ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikauke, kisha ikague. Pima upana ulinganishe na kikomo cha kitabu cha mashine. Sehemu moja iliyobonyea kuliko nyingine ina maana iliungua mahali pamoja, na kwa kawaida hutokea mtu anapofungua gesi treki ikiwa imeganda kwenye barafu. Nyuzi zikichomoza pembeni au jino likikatika, hiyo imekwisha. Irudishe maandishi yakielekea upande uleule yalivyokuwa. Beliti mpya ipe kilomita 30 hadi 50 za mwendo wa upole kabla ya kuidai nguvu.

Tazama pia beliti inavyokaa mashine ikiwa imezimwa. Inatakiwa ilingane na ukingo wa klachi ya nyuma au ichomoze kama milimita moja. Ikizama, mashine inaondoka kana kwamba imewekwa gia kubwa, na huko ndiko kuchelewa kuchomoka unakokusema. Ikipanda mno, mashine inatambaa yenyewe hata hujagusa gesi. Skrubu ya kurekebishia ipo kwenye klachi ya nyuma: zungusha robo kwa robo, kisha zungusha klachi kwa mkono beliti ikae, ndipo upime tena.

Yote hayo yakiwa sawa na bado inagota, shuku vali za ekzosi. Kazi yake ni kupanua njia ya moshi mizunguko inapopanda. Masizi ya oili yakizigandisha nusu, injini inaamka vizuri halafu inachoka katikati. Zifungue moja baada ya nyingine ili vipande vya silinda hii visihamie ile. Loweka kwenye dawa ya kuyeyusha masizi, kwangua kwa kijiti au plastiki (waya wa chuma hapana), na uweke gasketi mpya. Kwenye aina zinazosukumwa na shinikizo la moshi, kagua kile kimpira cha juu. Kikiwa na ufa, vali haitafunguka hata ikiwa safi kama sahani. Badilisha plagi siku hiyohiyo. Nyingi zina pengo la milimita 0.7 hadi 0.8, lakini lipime, usiamini boksi.

Mwisho, hesabu springi zinazoshika bomba la ekzosi. Ikikosekana moja, moshi wa moto unavujia ndani ya boneti, injini inavuta hewa ya moto, na wewe unaendelea kulaumu beliti.

Swali: Mlimani mashine haina tabu. Tukirudi kwa njia iliyoshindiliwa, taa ya joto inawaka, na safari hii nimesikia harufu ya plastiki kuungua. Ni rejeta?

Jibu: Taa na harufu vina sababu moja: hakuna theluji laini. Rejeta za mashine hii ziko kwenye dari ya alumini iliyo juu ya treki, na hupozwa na theluji inayorushwa na treki yenyewe. Zile plastiki ndefu zilizovikwa kwenye reli, ambazo treki inateleza juu yake, nazo hulainishwa na theluji hiyohiyo. Kwenye njia ngumu vyote viwili vinabaki vikavu.

Shusha vikwaruzi, zile fimbo za chuma zinazochimbua barafu na kuirushia treki. Kama huna, funga jozi. Vipandishe kabla ya kurudi nyuma, maana aina nyingi hupinda au kukatika. Pia jizoeze kutoka pembeni ya njia kila baada ya kilomita moja au mbili ukanyage theluji laini kidogo. Ukiona taa, fanya hivyo mara moja. Usisubiri kufika.

Plastiki zina mstari wa kikomo ubavuni. Kama huuoni, pima unene. Kwa mashine nyingi, ukikaribia milimita 10 ni wakati wa kubadilisha. Zikiisha kabisa, vibanio vya chuma vya treki husaga reli ya alumini, na reli si kitu cha bei rahisi. Kubadilisha hakuhitaji kushusha mfumo mzima: fungua skrubu ya mbele ya kila reli, linganisha tundu la treki na reli, gonga plastiki itoke. Mpya ipake maji ya sabuni iteleze, na ncha yake ya mbele iwe imechongwa mshazari.

Kulanti iangalie injini ikiwa baridi. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa huhimili hadi karibu nyuzi −37. Kama ulifungua mfumo hivi karibuni, huenda hewa imenasa humo, basi itoe kwa skrubu yake kwa utaratibu wa kitabu. Na barafu iliyoshikamana kwenye dari ya treki iondoe kwa nyundo ya mpira au iache iyeyuke. Bisibisi itatoboa rejeta.

Swali: Shikamoo fundi. Nikivuta gesi kwa ghafla treki inapiga "ka-ka-ka". Nimeikaza hadi haichezi kabisa. Kelele imepungua lakini mashine imekuwa nzito.

Jibu: Marahaba. Kelele ile ni magurudumu ya kuendeshea kuruka meno ya treki iliyolegea, kwa hiyo kukaza ulikuwa sahihi. Kosa ni kukaza bila kupima. Treki iliyobanwa mno inakula nguvu, beringi na zile plastiki za reli, zote kwa pamoja.

Inua nyuma kwa stendi imara, treki ining'inie. Tundika uzito katikati ya sehemu ya chini, kisha pima nafasi kati ya plastiki ya reli na treki. Uzito na nafasi viende pamoja: kuna mashine zinazotaka kilo 7.3 na nafasi ya milimita 30 hadi 35, na kuna zinazotaka uzito mdogo zaidi. Ukichukua uzito wa aina moja na nafasi ya nyingine umekosea kabla hujaanza. Legeza bolti ya ekseli ya nyuma, kisha zungusha skrubu za kulia na kushoto kwa kiasi sawa.

Halafu linganisha. Washa injini, acha treki izunguke polepole, zima, iache isimame yenyewe bila breki. Ikiwa imesogea kushoto, kaza skrubu ya kushoto kidogo. Ikisogea kulia, kaza ya kulia. Treki hukimbilia upande uliolegea. Ikikaa katikati ya reli, kaza bolti ya ekseli kwa spana ya kupimia nguvu. Mtu yeyote asisimame nyuma wakati treki inazunguka, kwani kipande cha barafu au kibanio kilichong'oka hutoka kama risasi.

Ukiwa umeinua, izungushe kwa mkono mzunguko mmoja mzima ukitafuta meno yaliyochanika, vibanio vilivyopotea na fimbo za ndani zilizovunjika.

Swali: Grisi nipige mara ngapi?

Jibu: Vitabu vingi husema kila kilomita 800 hivi. Kwa theluji nzito yenye maji, na kila baada ya kuosha mashine, usisubiri namba hiyo. Tumia grisi ya sintetiki ya baridi kali. Pampu kwenye kila nipo (kile kichuchu cha kuingizia grisi) hadi grisi mpya ichomoze, maana kinachotakiwa ni kusukuma maji nje, si kuijaza tu. Nipo zilizojificha ndani ya mfumo wa nyuma ndizo husahaulika.

Swali: Nimemwaga oili ya boksi la cheni. Ina rangi ya maziwa, na sumaku ya bolti ina uji wa kijivu. Nitafute boksi jingine?

Jibu: Hapana. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Ungekuta vipande unavyovishika kwa kidole, hapo fungua kifuniko ukague cheni na meno ya gia. Rangi ya maziwa ni maji, yanayotokana na unyevu wa mashine kuingizwa kwenye joto na kutolewa kwenye baridi kila siku. Mwaga ikiwa ya vuguvugu, weka mpya kwa kipimo cha kitabu. Mara nyingi ni mililita 250 hadi 350 tu. Kama kikaza-cheni ni cha mkono, kaza kwa vidole hadi kigote, rudisha robo mzunguko, funga nati. Mashine zinazotumia mkanda wa meno badala ya cheni hazina oili hiyo, kwa hiyo usitafute pa kuimwaga.

Swali: Shokapu zangu ni za hewa. Nikizijaza gereji, mlimani zinakuwa laini.

Jibu: Zinapoa. Kutoka nyuzi 20 gerejini hadi −20 nje, shinikizo halisi hushuka kwa karibu asilimia 14. Iache mashine nje saa nzima, nyuma ikiwa imeinuliwa, ndipo ujaze kwa pampu ndogo ya shokapu. Kompresa ya matairi inaweza kuharibu sili. Oili ikionekana kwenye fimbo ya shokapu, hewa haitasaidia. Ipeleke ikafunguliwe.

Swali: Kwenye mteremko mrefu mkono wa breki unazama hadi kwenye usukani.

Jibu: Oili ya breki imevuta unyevu na inachemka. Badilisha yote kwa DOT 4 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, toa hewa, kagua pedi. Kama hukumbuki ilibadilishwa lini, basi imepita miaka miwili.

Swali: Niligonga kisiki kilichofunikwa na theluji. Hakuna kilichovunjika, lakini mashine inavuta kulia.

Jibu: Weka ubao mnyoofu ubavuni mwa treki uje hadi mbele, usukani ukiwa sawa, kisha pima kila skii (zile mbili za mbele zinazoteleza juu ya theluji) kutoka kwenye ubao, kwenye ncha ya mbele na ya nyuma. Mbele ziwe zimepanuka kidogo kuliko nyuma, kwa jumla milimita 3 hadi 6. Baada ya hapo pima kutoka bolti ya ndani ya kila mkono wa skii hadi kiungo cha nje, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita chache ina maana mkono umepinda hata kama jicho halioni, na mkono uliopinda haunyooshwi, unabadilishwa. Malizia na ribiti za mwili upande uliogongwa. Ribiti yenye vumbi jeusi pembezoni imelegea na inacheza, hivyo itoboe uweke mpya kabla tundu halijapanuka.